Boostrix kwa mtu mzima: kinga ya kifaduro unayoilipia

Boostrix ni chanjo ya kampuni ya GSK, dozi moja ya mililita 0.5 inayochomwa kwenye msuli wa bega. Pamoja na pepopunda na dondakoo, ina vipande vitatu tu vya bakteria wa kifaduro: sumu yake iliyokwisha makali, mikrogramu 8, na protini mbili anazojishikizia kwenye njia ya hewa, FHA mikrogramu 8 na pertaktini mikrogramu 2.5. Bakteria mzima hayumo. Ndiyo maana mkono unauma siku moja mbili tu, na ndiyo maana kinga yenyewe haikai.

Kingamwili hupanda upesi, kisha hushuka ndani ya miaka michache. Seli T, yaani seli za kinga zenye kumbukumbu, zina mwendo wake. Watoto wa Uganda huchanjwa pentavalenti, chanjo ya magonjwa matano pamoja na kifaduro, wiki ya 6, 10 na 14, na humo mna bakteria mzima aliyeuawa. Seli T zilizofundwa hivyo hutoa kemikali za kinga, interferoni gama na interlukini 17, zinazosaidia kumng'oa bakteria kwenye njia ya hewa, na tabia hiyo huzifuata hadi ukubwani. Aliyeanzishiwa vipande, kama ilivyo Ulaya na Marekani, seli zake huelemea upande mwingine, usiomng'oa bakteria vizuri, na nyongeza haizigeuzi sana. Kwa hiyo aliyekulia Mbale na kumaliza chanjo zake ana msingi mzuri wa kuamshwa.

Kupima kingamwili kabla ya kuchoma ni kutupa hela: hakuna kiwango kilichokubaliwa kuwa kinakinga, na kipimo hicho hakizigusi seli T.

Usidhani pia umefunga mlango wa kuambukiza. Nyani waliochanjwa vipande katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014 hawakuugua, lakini walibeba bakteria na kuwaambukiza wenzao. Faida kubwa ni kwa mjamzito, wiki ya 27 hadi 36: kingamwili zake humvukia mtoto ambaye bado hajafikia sindano ya wiki ya 6.

Soma kisanduku. Td wanayopewa wajawazito bure ni ya pepopunda na dondakoo tu, haina kifaduro. Lazima uone Tdap, yaani yenye kifaduro pia. Dawa ikitulia huwa na mashapo meupe, si kasoro. Itikiswe mpaka iwe nyeupe sawasawa. Ikibaki na mabonge, ikatae. Hukaa nyuzi 2 hadi 8, na kuganda huiharibu kuliko joto la muda mfupi, kwa sababu aluminiamu iliyoshika vile vipande hugandana. Kisanduku kilichoegemezwa ukuta wa nyuma wa friji, penye barafu, usikikubali hata kwa nusu bei.