Blenda ipi inafaa kokteli za matunda yaliyoganda: ya kwanza hadi ya mwisho

Kokteli ya matunda ikiganda vizuri husimama kwenye glasi kama uji mzito. Ukiichota kwa kijiko inaacha shimo, na ukiinywa kwa mrija inapanda taratibu. Ikiharibika unapata vitu viwili ndani ya glasi moja: juisi nyepesi chini, punje za barafu juu. Wageni hunywa ile juisi, barafu inabaki. Mara nyingi watu hulaumu vipimo vya vinywaji, wakati kosa lilifanyika siku ya kununua blenda.

Sababu ni hii. Friza ya nyumbani hukaa kwenye nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, na kipande cha embe au nanasi kilicholala humo usiku mzima huwa kigumu kama jiwe. Blenda inatakiwa ikisage kabla hakijaanza kuyeyuka. Na visu vinapozunguka vinapasha joto kile vinachosaga. Zipo blenda zenye nguvu zinazoweza kutoa supu yenye mvuke kwa kusaga tu, dakika chache, bila jiko. Kwa hiyo mashine inayomaliza kazi kwa sekunde 40 inakupa kinywaji kizito, na inayohangaika dakika mbili na matunda yale yale inakupa juisi baridi. Mengine yote katika mwongozo huu yanatoka hapo.

Nimezipanga kwa jinsi zinavyofaa kazi hii moja. Blenda niliyoiweka chini hapa inaweza kuwa nzuri sana kwa supu au uji wa mtoto.

1. Blenda kubwa ya mezani, yenye kijiti cha kusukumia

Kama unakaribisha watu zaidi ya mara mbili tatu kila msimu wa joto, nunua hii na usifikirie nyingine. Tafuta mota ya wati 1000 hadi 1500 na jagi la lita 1.5 hadi 2. Lakini usiishie kwenye wati. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni umeme ambao mota inavuta, haisemi ni kiasi gani cha nguvu kinafika kwenye visu. Nimeona blenda ya wati 1200 ikishindwa na vipande vya nanasi ambavyo ya wati 900 ilivimaliza, kwa sababu jagi la ile ya kwanza lilikuwa pana na bapa chini, matunda yakakimbilia pembeni na kutulia huko.

Dukani, fungua mfuniko uangalie ndani. Jagi zuri linajibana kuelekea chini, na kuta zake zina mbavu zinazorudisha matunda katikati. Ikifanya kazi sawasawa utaona kitu kama kisima: matunda yanashuka katikati, yanasagwa, yanapanda pembeni, kisha yanashuka tena. Matunda yaliyoganda hupenda kuziba kisima hicho. Hapo juu ya visu panabaki pengo la hewa, na sauti inabadilika ghafla: mngurumo mzito unageuka kuwa mlio mwembamba, mota inazunguka bure huku rundo la embe limekaa juu halitikisiki. Kijiti cha kusukumia kimetengenezwa kwa ajili ya dakika hiyo. Unakipitisha kwenye tundu la mfuniko, unasukuma pembeni mara mbili tatu, na mngurumo unarudi. Kina kola inayokizuia kisifike kwenye visu, kwa hiyo unakitumia mashine ikiwa inazunguka. Usijaribu hivyo kwa mwiko.

Kisha ling'oe jagi, ligeuze, utazame chini yake na juu ya mota. Utaona vigurudumu viwili vyenye meno vinavyoshikana. Vikiwa vya chuma, vitadumu. Vikiwa vya plastiki au mpira laini, matunda magumu yatayala meno yake. Blenda yangu ya kwanza iliishia hapo, katikati ya sherehe: mota ikilia, visu vimesimama, na harufu ya mpira unaoungua. Muulize muuzaji kama kigurudumu hicho kinauzwa peke yake. Akijibu kuwa kikiharibika lazima ununue blenda nzima, nenda duka lingine.

Jagi la kioo au la plastiki ngumu? Mimi nachagua plastiki ngumu, kwa kuwa jagi la kioo likijaa huwa zito kwa mkono uliolowa, na likianguka sherehe inageuka kazi ya kufagia. Kioo kina sifa moja ya kweli: hakishiki harufu wala madoa.

2. Blenda ya kawaida iliyochaguliwa vizuri

Wati 600 hadi 800, jagi linalojibana chini, na kitufe kinachozungusha visu pale tu unapokibonyeza. Kitufe hicho ndicho kinachoipa nafasi ya pili. Unabonyeza na kuachia mara nane au kumi, vipande vinavunjika na kukaa upya kila visu vinaposimama, ndipo unawasha moja kwa moja. Blenda ya daraja hili isiyo na kitufe hicho sikushauri kabisa.

Utailipa kwa uvumilivu. Toa matunda kwenye friza dakika tano kabla, yakate madogo, usijaze jagi zaidi ya nusu, na iache mota ipumzike kati ya mzunguko na mzunguko. Kwa watu wanne hadi sita inatosha kabisa. Kwa watu ishirini utakuwa jikoni jioni yote huku wenzako wakicheka nje.

3. Trei na uma

Nimeiweka juu ya mashine za bei kubwa makusudi. Kama sherehe zako ni moja au mbili kwa mwaka, bakiza pesa yako. Saga matunda mabichi, yaani yasiyogandishwa, kwa blenda yoyote uliyo nayo, changanya na vinywaji vingine, mimina kwenye trei pana kwa kina cha vidole viwili, kisha ingiza kwenye friza. Kila baada ya nusu saa kwangua kwa uma kutoka pembeni kuja katikati. Baada ya saa tatu au nne una kokteli yenye chembe ndogo zinazong'aa. Haitakuwa laini kama ya blenda, ila inatengenezwa mapema, na wageni wakifika hakuna kelele jikoni.

Pombe yenyewe inakusaidia hapa, kwa sababu huganda kwenye nyuzi 114 chini ya sifuri, na ikichanganywa na sukari na maji ya matunda huzuia mchanganyiko usiwe jiwe. Usizidishe tu. Ukiweka pombe kali nyingi, asubuhi utakuta trei bado ni maji.

4. Mashine ya barafu laini

Ina silinda iliyopoozwa kwa kompresa na parafujo kubwa inayozunguka ikikwangua barafu kabla haijakomaa. Wazo lake lilizaliwa kwa shida halisi: mwaka 1971, huko Dallas, Mariano Martinez aliona blenda za mgahawa wake zimezidiwa na maagizo ya margarita za barafu (kokteli ya tekila na ndimu), akageuza mashine ya aiskrimu laini ifanye kazi hiyo. Mashine ile leo iko katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington.

Za nyumbani ni nzuri kwa anayekaribisha watu kila wiki. Unajaza, unawasha, na kinywaji kinakaa kikiwa kizito kwa saa nyingi. Ila inachukua nafasi kubwa mezani, ni nzito kubeba, na baada ya kuihamisha inabidi isimame wima kwa muda kabla ya kuiwasha ili mafuta ya kompresa yatulie. Haipokei vipande vya matunda, kwa hiyo bado utahitaji blenda na chujio. Pia inachagua: kinywaji kisicho na sukari kinaganda kikaibana parafujo, chenye pombe nyingi hakigandi. Soma kitabu chake kwanza, halafu uamue.

5. Blenda ndogo ya kikombe

Kwa mtu mmoja au wawili inafanya kazi, hasa ya kuchomekwa ukutani. Kikombe kinageuzwa, matunda yanaangukia visu yenyewe. Za kuchaji zimekwama mbele yangu mara nyingi mno kwenye matunda yaliyoganda. Zinafaa matunda mabichi tu.

6. Blenda ya mkono

Usiinunue kwa kazi hii. Vipande vinaikimbia, mkono unachoka, na matunda yanayeyuka ukiwa bado unayafukuza.

Ukishanunua

Mashine bora nayo inaweza kuharibiwa na mpangilio. Vimiminika vitangulie, vikae juu ya visu. Matunda yaliyoganda yaje juu yake. Kwa glasi nne mimi hutumia gramu 450 za matunda yaliyoganda, mililita 120 za pombe yenye nguvu ya asilimia 40, mililita 60 za maji ya ndimu na mililita 60 za sharubati ya sukari. Kwa wasiokunywa pombe, weka maji ya matunda baridi mahali pake; itakuwa ngumu zaidi, basi ongeza kidogo kidogo hadi kisima kianze kuzunguka. Matunda yenyewe yachukue nafasi ya barafu. Barafu ikiyeyuka inakuwa maji matupu, tunda likiyeyuka bado ni tunda.

Yagandishe yakiwa yametandazwa kwenye trei, yasigusane, kisha ndipo uyatie mfukoni. Ukiyatia mfukoni mabichi yanashikana kuwa bonge moja ambalo hakuna blenda ya nyumbani inayolitaka.

Soda na vinywaji vyote vyenye gesi usivisage ndani ya jagi lililofunikwa, gesi inapanda na kuurusha mfuniko. Vimwagie kwenye glasi mwishoni, koroga kwa kijiko kirefu.

Na kabla jagi halijakauka, tia maji ya vuguvugu hadi nusu na tone moja la sabuni, washa sekunde 30, suuza. Kisha, kama visu vinafunguka, toa ule mpira mwembamba wa kuzuia kuvuja na uuoshe peke yake. Sukari ya matunda hujificha chini yake, na blenda nyingi zinazonuka mwezi wa pili harufu yake inaanzia hapo.