Taa za gari zilizofifia: polishi au vanishi baada ya msasa?

Msasa ni uleule kwa njia zote mbili. Funika bodi kwa selotepu ya karatasi, anza na namba 800, kisha 1500, ukimwagia maji ya sabuni. Yakiacha kutoka ya njano, kinga ya zamani iliyoungua imeisha.

Wa polishi aendelee hadi 3000, ndipo asugue kwa kitambaa laini. Taa hung'aa papo hapo, lakini plastiki imebaki uchi na jua litaifubaza tena.

Kwa gari linalolala nje, vanishi angavu yenye kinga ya jua ni bora zaidi. Ishia 1500 na usiguse polishi: mafuta yake huifanya vanishi ibanduke. Futa kwa spiriti, kausha kabisa, puliza mikono (yaani matabaka) miwili myembamba. Mkono mzito hutiririka.