Casino Royale ya mwaka 1954: uzoefu wangu na tamthilia ya taharuki iliyorushwa mubashara

Mtu aliyemzoea James Bond wa sinema atashangaa mapema sana akiutazama mchezo huu, ambao kituo cha CBS cha Marekani kiliurusha mubashara tarehe 21 Oktoba 1954 katika mfululizo wa Climax! Bond wa hapa ni Mmarekani anayeitwa Jimmy, akiigizwa na Barry Nelson, na mwenzake Leiter ndiye aliyegeuzwa kuwa Mwingereza. Magari ya ajabu hayapo, milipuko haipo. Kuna vyumba vichache vya hoteli, meza ya kamari na mtu mmoja wa kuogofya, na kwa maoni yangu hivyo vinatosha kabisa.

Nakala niliyoitazama mtandaoni ni ya rangi nyeusi na nyeupe, nayo imefifia, kwa sababu zama zile kipindi cha mubashara kilihifadhiwa kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni. Sauti nayo inakwaruza. Ni afadhali kuvaa hedifoni.

Sehemu iliyonishika ni ile ya meza ya bakarati. Mtangazaji, William Lundigan, anafungua kipindi kwa kutuonyesha kisanduku cha karata, na baadaye Bond anamweleza Leiter kanuni za mchezo, kwamba mshindi ni yule anayeikaribia tisa, jambo lililonisaidia sana kwa kuwa mimi si mtu wa kamari. Le Chiffre, adui wa Bond, amepoteza fedha za Wasovieti, naye asipozirudisha atauawa. Peter Lorre, anayemwigiza, hapandishi sauti hata kidogo. Anazungumza kwa uchovu na upole, kama karani anayekukumbusha deni, na ndivyo anavyozidi kutisha. Kamera inakaa karibu na nyuso, karata zinafunuliwa polepole, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kurudia wala kukata, kila ukimya unabeba uzito wake. Pale mtu anapochelewa kujibu, huwezi kujua kama ni mhusika anayewaza au ni mwigizaji anayetafuta maneno yake, na utata huo ulinikaza moyo kuliko mapigano mengi ya sinema za leo.

Kasoro zipo. Nelson ni mkavu, hasa anapotakiwa kuonyesha mapenzi, na Linda Christian, anayemwigiza Valerie, mpenzi wa zamani wa Bond, amepewa maneno ya kulalamika tu wakati nafasi yake ilistahili zaidi. Vurumai za kupigana zinaonekana kuwa za jukwaani, jambo ninalolisamehe. Hata hivyo, pale Bond anapofungwa ndani ya hodhi la kuogea na vidole vyake vya miguu kubanwa kwa koleo, tunaachiwa zaidi uso wake na sauti ya Lorre akiuliza iko wapi hundi ya fedha ambazo Bond ameshinda mezani, na nikajikuta nimekunja vidole vyangu mwenyewe.

Ninaupendekeza kwa anayependa uigizaji kuliko vishindo. Ila chagua nakala kwa uangalifu: baadhi ya zinazozunguka zimekatwa dakika za mwisho, na humo Le Chiffre bado ana jambo moja la kufanya.