Gari la kunyonya majitaka, Lindi mjini: shimoni wako vizuri, risiti yao haisemi kitu

Boza ni la lita 5,000, linatosha karo la nyumba ya kawaida kwa safari moja. Mipira inaungwa hadi mita 30 hivi, kwa hiyo hata nyumba ya uchochoroni inafikiwa. Kina ndicho cha kuangalia: pampu haivuti maji kutoka chini zaidi ya mita 7, na tope zito ni pungufu ya hapo.

Kijana wa mpira anaijua kazi. Anavunja utando wa juu kwa mti mrefu, ananyonya maji, kisha anayarudisha kidogo kwa kishindo ili tope la chini livurugike, ndipo anavuta tena. Fundi asiyefanya hivyo anaondoka na maji matupu, na baada ya miezi michache karo limejaa upya. Vinavyowakwamisha ni pedi, pampasi na mchanga unaoingia kwenye chemba isiyo na mfuniko. Hilo ni kosa la mwenye nyumba, si lao.

Wanapopoteza alama ni masika. Hawaulizi kama shimo limejengewa. Maji ya ardhini yakipanda, shimo la udongo likikaushwa kuta zinaporomoka, na tanki la plastiki linaweza kunyanyuka lenyewe. Msimu huo nyonya nusu tu, au subiri.

Sasa risiti. Imeandikwa "usafi" na kiasi cha fedha, basi. Haionyeshi lita wala mahali boza lilikomwaga, na hilo ndilo nusu ya huduma unayolipia. Mto Lukuledi unaishia Ghuba ya Lindi. Boza likimwagwa bondeni, mvua inalifikisha huko. Majitaka ya bomba huwa na BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria wataitumia kuozesha uchafu, ya miligramu 200 hadi 400 kwa lita. Tope la karo linafika maelfu. Kiwango cha Tanzania cha kuruhusiwa kuingia mtoni ni 30. Oksijeni hiyo bakteria wataichukua kutoka kwenye maji, na samaki ndio watakaokosa.

Mabwawa ya kutibu majitaka, ambako boza linatakiwa kumwaga, hayana mitambo ya ajabu. Chujio la nondo linazuia takataka. Bwawa la kwanza, la kina cha mita 2 hadi 5, halina hewa, na tope linatulia na kuoza. La pili ni la mita 1 hadi 2, la kijani; mwani unatoa oksijeni mchana. La mwisho ni la kina kifupi, jua linaua vimelea kwa siku kadhaa. Bwawa la pili likigeuka la zambarau au kijivu na kunuka yai bovu, limezidiwa: maboza yamemwaga mengi kwa mpigo, au la kwanza limejaa tope zaidi ya theluthi bila kusafishwa.

Na wale wanaomimina dizeli chooni kuua funza waache. Inaenda na boza na kuua bakteria wa bwawani.

Nawapa tatu na nusu kati ya tano. Ukiwaita, taja kina cha shimo na umbali hadi barabarani, na kabla ya kulipa salio dai karatasi ya bwawani yenye namba ya gari, tarehe na lita. Dereva akisema hakuna karatasi, tafuta gari lingine.