Fundi wa saa, Kisumu: kasha kuukuu halitaki haraka
Fundi mmoja wa saa kando ya Barabara ya Oginga Odinga alikataa kunitajia siku ya kuchukua saa ya mkononi ya Seiko ya marehemu baba, niliyompelekea ang'arishe kasha lake (ganda la nje), kabla hajaifungua, na kwa hilo pekee nampa alama za juu. Kung'arisha kasha la chuma cha pua ni kazi ya saa chache. Muda huliwa na kuitoa mashine ya ndani, kuondoa uchafu uliogandamana chini ya kioo, kisha kupiga msasa hatua kwa hatua, kuanzia ule wa kukwaruza hadi ule laini, bila kuviringisha kingo, kwani chuma kilichoondolewa hakirudi. Vijishimo vya kutu aliviacha, uamuzi ninaouunga mkono. Bei ilikuwa ya haki, ila simu hapokei.