Sufuria ya Presha ya Umeme: Inaokoa Nishati Kweli au Inaongeza Chombo Jikoni?

Sufuria ninayoichambua hapa ni ile ya presha inayotumia umeme, ya lita 6 na wati 1,000, yenye mfuniko wa kufunga kwa kuzungusha, vali ya kutolea mvuke na safu ya vitufe mbele. Inatengenezwa na makampuni mengi, na tofauti kati ya toleo moja na jingine mara nyingi huishia kwenye nembo na rangi, kwa hiyo ninayoyasema yanaihusu aina nzima. Kwamba inaivisha haraka halina ubishi. Nilichotaka kujua ni kama inapunguza kweli nishati ambayo kaya hutumia kwa ajili ya chakula, au inakuwa chombo kingine tu cha kuchomekwa ukutani.

Swali hilo linatokana na takwimu za mataifa, ambazo haziwapi watengenezaji wa vifaa vya jikoni sababu kubwa ya kujisifu. Wachumi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, katika ripoti yao ya mwaka 2010, walionyesha kwamba kati ya 1997 na 2002 matumizi ya nishati kwa kila mtu nchini humo yalipungua kwa asilimia 1.8, ilhali nishati iliyotumika kwa chakula, kuanzia shambani hadi mezani, iliongezeka kwa asilimia 16.4 kwa kila mtu. Sehemu ya chakula katika nishati yote ya taifa ilifikia asilimia 14.4 mwaka 2002, na makadirio yao ya 2007 yalikuwa asilimia 15.7. Katika mnyororo huo wote, walaji wakubwa zaidi wa nishati hawakuwa viwanda wala malori, bali kaya zenyewe, pamoja na friji, majiko na mashine zao za kuoshea vyombo. Kila kifaa kilichoingia jikoni miaka hiyo kiliuzwa kwa ahadi ya kurahisisha kazi, na wakati huohuo sehemu ya kazi ya kumenya, kukatakata na kupika ilikuwa ikihamia viwandani, ambako nayo hufanywa kwa mashine. Kaya inaweza kupika kidogo zaidi huku chakula chake kikila nishati nyingi zaidi.

Kwingineko picha ni tofauti kabisa. Katika Umoja wa Ulaya, kupika huchukua takribani asilimia 6 tu ya nishati inayotumika majumbani, kwa kuwa kupasha joto vyumba peke yake huchukua zaidi ya asilimia 60. Huko sufuria hii haiwezi kubadili sana bili ya nyumba. Katika nchi ambazo kaya nyingi bado hupikia kuni na mkaa, kupika ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya nishati yote ya nyumbani, na moto wa mafiga matatu hupeleka kwenye chungu takribani sehemu moja kati ya kumi ya joto la kuni, au zaidi kidogo. Idadi ya watu wasio na nishati safi ya kupikia duniani imeshuka kutoka karibu bilioni 3 mwaka 2010 hadi bilioni 2 na ushei, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo imetoka Asia, ambako Indonesia ilianza mwaka 2007 kuwahamisha watu kutoka mafuta ya taa kwenda gesi, na India ikaanza kugawa mitungi kwa kaya maskini mwaka 2016. Afrika kusini mwa Sahara idadi hiyo imeendelea kupanda, kwa sababu watu wanaongezeka haraka kuliko majiko. Kwa hiyo anayeuliza kama sufuria hii ina faida anapaswa kwanza kujua inakuja kuchukua nafasi ya nini.

Tuje kwenye sufuria yenyewe. Kuchemsha lita 2 za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 kunahitaji takribani uniti 0.19 za umeme, na hakuna chombo kinachoweza kukwepa gharama hiyo. Upotevu mkubwa huanza baada ya hapo. Kila lita ya maji inayopaa kama mvuke kutoka kwenye sufuria iliyo wazi huondoka na takribani uniti 0.63, yaani karibu mara saba ya zile zilizotumika kuichemsha, na mpishi anayeongeza maji kwenye maharage kila mara analipia mvuke huo bila kujua. Sufuria ya presha huuzuia mvuke usitoke, na presha ikipanda, maji hufikia takribani nyuzi 115, hivyo chakula kigumu huiva kwa muda mfupi zaidi. Hilo si jambo jipya, kwani mvumbuzi Mfaransa Denis Papin alilionyesha London mwaka 1679. Jipya ni kipashio kinachojizima chenyewe presha inapotosha, pamoja na ukuta wa nje unaohifadhi joto, mambo yaliyoombewa hataza China mwaka 1991. Ukichomeka kipima umeme kwenye soketi utaona namba ikisimama kwenye wati elfu moja wakati wa kupanda, kisha ikianguka hadi sifuri na kubaki hapo kwa muda mrefu, ikistuka mara mojamoja tu. Kwangu mimi huo ndio ushahidi, na unashinda lolote lililoandikwa kwenye boksi.

Vitufe ndivyo vinavyoharibu sifa yake. Kimoja huhifadhi joto baada ya chakula kuiva, na katika matoleo mengi hujiwasha chenyewe na kuendelea kwa saa nyingi, kikirudisha polepole umeme uliokwisha kuokolewa. Kingine hupika taratibu kwa joto la chini. Hicho kisitumike kabisa kwa maharage mekundu mabichi, ambayo yana sumu inayohitaji mchemko kamili ili iharibike. Saa ya sufuria nayo inapotosha, kwa kuwa huanza kuhesabu presha ikishapanda. Lita 3 za maji ya nyuzi 20 zitachukua takribani dakika 17 kufika mchemkoni hata kama hakuna joto linalopotea, na dakika hizo hazionekani popote kwenye kioo. Ujazo wa lita 6 pia si wa kuaminiwa: mstari wa juu uko kwenye theluthi mbili, na kwa nafaka na kunde, ambazo huvimba na kutoa povu linaloweza kuziba vali, mtu hupaswa kuishia nusu.

Kwa kukaanga haifai. Hufanya kazi hiyo kwa shingo upande, na kwa chakula cha dakika tano hupoteza muda mwingi kupanda presha. Ndiyo maana katika nyumba nyingi haiondoi jiko lililokuwapo. Hukaa pembeni yake, na faida yake hutegemea ni vyungu vingapi vya kuchemsha vilivyohamishiwa kwake.

Jambo moja zaidi linamhusu anayelinganisha umeme na gesi. Uniti moja inayofika nyumbani huweza kuwa imechoma fueli nyingi zaidi kwenye mtambo, na Umoja wa Ulaya ulikuwa ukiihesabu kama uniti 2.5 za nishati ghafi hadi mwaka 2018, ulipoishusha hadi 2.1 kwa sababu umeme mwingi zaidi ulikuwa ukitoka kwenye upepo na jua, ambavyo havichomi fueli. Sufuria ni ileile, lakini mzigo wake kwa taifa umepungua bila mtu kuigusa.

Naipendekeza kwa kaya inayochemsha vyakula vigumu mara kwa mara, hasa inayotoka kwenye mkaa au jiko la koili, na siipendekezi kwa anayekaanga zaidi ya kuchemsha. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ana mpira wa mfuniko wa akiba kwa toleo hilohilo. Mpira hushika harufu, hulegea, na ukishalegea mvuke hupita pembeni, presha haipandi na kipashio hakizimi, kwa hiyo unarudi kulipia mvuke kama zamani.