Mpira wa waya za mlango: usinunue kabla hujaupima kwa boksi la sabuni

Mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa natoka Newala, mvua inanifukuza tangu Tandahimba. Kabla ya Nanyamba nikashusha kioo nimlipe kijana wa mahindi ya kuchoma, na kioo kikagoma kupanda. Nabonyeza, kimya. Nikifungua mlango nusu kinapanda vidole viwili, nikiufunga kinakufa. Nimeingia Mtwara mjini kanga imebanwa dirishani, bega la kulia chapachapa kama nimetoka kuvua pweza.

Mwenye gari la zamani ameshajua. Waya zimekatikia kwenye bawaba, ndani ya ule mpira wa mikunjo kama kinanda unaotoka kwenye bodi kuingia mlangoni. Corolla yangu ni 110 ya mwaka 1998, kwa hiyo waya kukatika hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba mpira ulikuwa mpya. Niliununua Novemba, jozi shilingi elfu kumi na mbili, muuzaji ananiapia: "Mama, hii orijino kabisa, hebu nusa." Nikanusa. Nikalipa.

Fundi wangu alipong'oa paneli ya mlango nilikuwa nimechuchumaa pembeni. Mpira wenyewe mzima, hauna hata mkwaruzo. Ila upande wa bodi ulikuwa umechomoka kwenye tundu lake, umerudi nyuma kama soksi iliyoteremka, na waya zimekaa juu ya ukingo wa bati mtupu. Kila nikifungua mlango bati lilikuwa linazikata kama msumeno. Waya tano zimeachana kabisa, mbili zimebaki na nyuzi chache. Alipochuna ganda la ile nene ya mota ya kioo, shaba ndani ilikuwa nyeusi tii. "Mama, wewe unapita sana mashambani wakati wa kupuliza?" Napita, ndiyo. Salfa tunayoipulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ikikutana na shaba na unyevu inaigeuza nyeusi, na huku kwetu chumvi ya bahari nayo haijakaa mbali. Waya iliyopasuka ganda Dodoma inaweza kusubiri. Ya Mtwara haisubiri.

Tangu siku hiyo ugonjwa wangu ni mmoja: mdomo wa mpira. Watu wanakagua unene, wanakagua ulaini, wanauvuta na kuukunja. Ukunje, sawa, na ukiona mistari myeupe au nyufa urudishe rafuni. Lakini hakuna anayeangalia ule mfereji mwembamba unaozunguka mdomo, pale bati linapokaa. Bati la bodi ni jembamba, karibu milimita moja. Mfereji ukiwa mpana kuliko bati, mpira utakaa vizuri siku ya kwanza, fundi atakupigia saluti, halafu kila mlango ukifunguka utatambaa nje kidogo, na wewe huuoni kwa sababu umefichwa na bawaba. Tena ukichomoka, maji ya mvua yanafuata waya hadi chini ya kapeti. Ukisikia gari linanuka uvundo na hujui kwa nini, anzia hapo.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kwenda dukani. Chukua boksi la sabuni, lile gumu kidogo, uligandamize kwenye tundu la bodi hadi alama itokee, ukate tundu hilohilo. Usiende na rula peke yake, maana matundu mengi ni ya yai, si duara, na kipimo cha upande mmoja kitakudanganya. Tundu la mlangoni nalo likatie boksi lake, mara nyingi halilingani na la bodi. Halafu fungua mlango hadi mwisho, vuta uzi kutoka tundu hadi tundu, funga fundo. Dukani unachopeka mpira kwenye boksi na kuuvuta polepole. Ukitoka, hata kama muuzaji ni shemeji yako, usinunue. Kisha unaulinganisha na uzi: mpira ufike kwenye fundo bado mikunjo inaonekana. Ukilazimika kuunyoosha wote ndio ufike, mdomo utavutwa kila siku na siku moja utaachia.

Sasa mpangilio wangu, na sijifichi: mimi ni mtu wa Toyota halisi. Namba moja ni mpira wa kiwandani, mpya, ulioagizwa kwa namba. Kwenye Toyota nyingi mpira hauuzwi peke yake, unakuja umeshavishwa kwenye wayaringi nzima ya mlango, yaani fungu lote la waya zake, ndiyo maana ukiuliza "mpira" utaambiwa haupo. Uliza wayaringi. Ya mlango wa mbele kulia namba yake huanza na 82151, kushoto 82152, ya nyuma kulia 82153 na kushoto 82154. Tarakimu zinazofuata zinatafutwa kwa namba ya chesesi, kwa hiyo mpigie picha ile kadi ya gari umtumie muuzaji, usimwambie tu "Corolla ya zamani". Ni ghali, nakiri. Nililipa zaidi ya mara kumi ya ile jozi ya Novemba, nikalipa na nauli ya kifurushi cha basi kutoka Dar. Lakini mdomo uliingia kwenye tundu kwa mlio, *tap*, na masika yote ya Machi na Aprili kapeti lilikuwa kavu.

Namba mbili, mtumba kutoka gari lililokatwa. Bati na tundu ni vilevile, mfereji ni uleule, hapo hakuna ubishi. Shida ni umri. Gari lililokatwa linaweza kuwa la mwaka mmoja na lako, na mpira wake umekula jua lilelile. Upinde hadi ncha zigusane, utazame ndani ya mikunjo kwa tochi ya simu. Na ukatae uliokatwa waya karibu na mpira. Chukua wayaringi na soketi zake pande zote mbili, kwa sababu utachomeka tu na kumaliza, badala ya kuunga waya kumi na nne gizani. Wauzaji wanapenda kukata kwa sababu soketi wanaiuza kivyake. Wakikuambia "fundi wako ataunga tu", waulize wao watakuungia bure?

Namba tatu ni ile ya kinanda isiyo ya gari lolote, inauzwa kwa kipenyo na urefu. Ikiwa ya EPDM (aina ya mpira wa kiwandani usioharibiwa haraka na jua) au silikoni inavumilia jua na joto vizuri, na ukibahatika mdomo ukakubali boksi lako, chukua. Mingi haikubali. Tena soketi haipiti ndani yake, kwa hiyo fundi ataichana kwa urefu na kuigundisha, na mpira uliochanwa ni koti la mvua lisilo na vifungo.

Ya plastiki ngumu ya elfu tatu, mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uliozungushiwa tepu, kipande cha mpira wa kumwagilia bustani: hapana.

Kuhusu waya zenyewe. Hata ukinunua mpira wa dhahabu, fundi anaweza kuuharibu siku hiyohiyo. Wangu wa kwanza alipaka grisi ili uteleze. Grisi na mafuta ya mgando ya petroli vinauvimbisha mpira wa EPDM hadi unalegea. Maji ya sabuni yanatosha, au grisi ya silikoni kama unayo. Ukingo wa tundu ukwanguliwe kutu, upakwe rangi, ukauke *kabla* ya mpira kuingia. Waya wa kuungia uwe wa nyuzi nyingi nyembamba na unene uleule. Ukiwekewa waya mgumu wa umeme wa nyumbani utakatika kabla hujafika Lindi. Na kiungo kisikae ndani ya mpira hata kidogo. Risasi ya kuchomelea inaufanya waya uwe mgumu, na pale ugumu unapoishia ndipo unapokatikia. Kata, ongeza waya, viungo viende ndani ya mlango au nyuma ya paneli ya miguuni, vipishane visirundikane pamoja, kila kimoja kivae mpira wake wa kusinyaa kwa joto.

Tepu nyeusi ya kawaida nimeipiga marufuku. Gari likikaa juani Shangani, hapa Mtwara, saa sita mchana, gundi yake inayeyuka na kuwa asali. Natumia tesa 51608, tepu ya kitambaa laini ya Wajerumani iliyotengenezwa kwa ajili ya waya za ndani ya gari, na hata hiyo naifunga mwanzo na mwisho tu. Katikati, pale panapojikunja, waya ziachwe huru ziteleze. Ukizibana zikawa fimbo moja, fimbo itavunjika. Na fyuzi ikiungua usikubali kuwekewa kubwa zaidi, maana kitakachofuata kuungua ni waya zenyewe ndani ya bodi.

Sasa niruhusuni ninung'unike. Kwa nini lazima jozi? Mlango wangu wa kushoto hauna shida, lakini nimeuziwa kulia na kushoto kama viatu. Kwa nini risiti imepigwa muhuri kwamba mali ikitoka hairudi, wakati mdomo haujaingia hata kwenye boksi? Niliporudisha ule wa Novemba nilijibiwa, "Mama, tatizo ni gari lako." Na bei! Minada ya korosho ikianza tu, spea ileile kwenye rafu ileile, na vumbi lake, inapanda, kwa kuwa wanajua malipo ya wakulima yako njiani. Kangomba ya korosho, ule ununuzi wa kinyemela unaompunja mkulima, tunaipigia kelele kila mwaka. Ya spea nani anaipigia? Mtwara kuchele, tunasema, yaani kumekucha, ila kwenye baadhi ya maduka jua halijachomoza.

Milango ya nyuma bado. Maboksi yake nimeshayakata, yako kwenye dashibodi pamoja na uzi wenye fundo, na jana mjukuu wangu ameyachorea macho na masharubu. Mnada wa kwanza ulikuwa wiki iliyopita. Nitaagiza Februari.